Nilifute neno "Bingwa"?

*Shangazi, mimi ni daktari wa mifugo niliyesajiliwa, nina kliniki yangu Dodoma. Nimerudi kutoka masomoni nje na shahada ya uzamili ya upasuaji wa wanyama, nikaandika kibaoni "Daktari Bingwa". Mwenzangu ananiambia nilifute kwa sababu sijasajiliwa kuwa bingwa. Naona ni wivu tu. Nifanyeje? – Mwenye Kibao*

Mwanangu daktari, hongera kwanza, halafu pole. Hongera ya shahada, pole ya kibao.

Huenda mwenzako ana wivu kweli. Lakini hata mwenye wivu akikuambia kuna nzi kwenye chai yako, chungulia kikombe kabla hujamnunia.

Unadhani ukishahitimu, ubingwa umeshaupata. La. Chuo hukupa shahada. Anayekutambua kazini ni Baraza la Veterinari Tanzania, kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Usajili ulio nao ni wa udaktari, na ubingwa una usajili wake. Hata bingwa wa ngumi hajivishi mkanda mwenyewe, sembuse wewe unayeshika kisu!

Wala usiseme ni urasimu wa kwetu. Uingereza, mabingwa walioorodheshwa na Royal College of Veterinary Surgeons huthibitishwa upya kila baada ya miaka 5. Wao wameshaitwa mabingwa, na bado wanaulizwa: unaendelea kuistahili orodha hii?

Kwa nini usumbufu wote huu? Mfikirie mzee aliyemfunga mbuzi wake nyuma ya bodaboda, akashuka mlangoni kwako. Cheti chako cha Kiingereza hakimsaidii, na mbuzi akikosewa hatasema. Mzee amebaki na neno moja tu la kuliamini, lile la kibaoni. Rejesta ipo ili neno hilo lisimdanganye.

Najua kinachokuuma. Majirani wameshakizoea kibao, na utaona haya fundi akipanda ngazi kufuta. Lakini aibu ya kufuta mwenyewe ni ya siku mbili. Ya kufutishwa itakufuata hadi vikao vya taaluma.

Kwa hiyo, mwandikie Msajili wa Baraza, umuulize ubingwa wa upasuaji unadai nini hasa. Shahada ni ya nje, basi shughulikia pia utambuzi wake Tume ya Vyuo Vikuu. Panga vyeti vyako na kumbukumbu za upasuaji uliofanya, kesi zilizokushinda zikiwemo. Wakati unasubiri, tibu kama kawaida, maana udaktari wako haujaguswa. Na huyo mwenzako mnunulie soda. Amekwambia mapema, tena amekwambia wewe, si wateja wako.

Kisha mwite fundi rangi. Mwambie afute neno moja tu, na nafasi yake aiache wazi.

Shangazi