Kabla ya Sola, Isome LUKU: Mafunzo Niliyopata Mbeya na Iringa

Mgao wa umeme wa 2023 uliuza sola kuliko tangazo lolote la redio. Nasi tukafunga kwetu Uyole, Mbeya, kisha kwa mama mkwe, Kihesa mjini Iringa. Nyumba hizo mbili zimenifunza haya.

1. Hesabu ianzie kwenye LUKU. Mteja wa TANESCO wa daraja la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hununua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Wa T1, anayezidi hapo, hununua kwa 292, na VAT na tozo zikiingia inafika kama 356. Mama mkwe yuko D1: taa, televisheni, friji dogo. Umeme wake wa mwezi haufiki shilingi 10,000, ukiacha kodi ya jengo ambayo tangu 2021 hukatwa humohumo na ambayo sola haiigusi. Mtambo wake hautarudisha pesa yake hata siku moja. Alichonunua ni mwanga wakati mtaa mzima uko gizani, na yeye mwenyewe anasema hivyo. Sisi tuko T1, kwa hiyo kila uniti tusiyonunua ni shilingi 356 zimebaki nyumbani.

2. Mbeya, pesa inaishia bafuni. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya Julai hakuna anayekuelewa ukimwambia aoge maji ya baridi. Shawa ya umeme ya wati 5,000 ikifanya kazi dakika kumi inakula zaidi kidogo ya robo tatu ya uniti, yaani shilingi 300 hivi. Watu watano wakioga kila siku, mwezi unaisha na zaidi ya shilingi 40,000 zimeshuka na maji. Fundi alitaka kutuongezea betri na inveta kubwa ili shawa ibebwe na sola. Tulikataa, tukaweka hita ya maji ya jua: tangi na mirija ya vioo juu ya bati, basi. Haina betri ya kufa wala inveta ya kuungua. Siku za mawingu maji huwa vuguvugu, tunaongeza sufuria moja ya jiko la gesi. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sola ya kwanza ya kununua Mbeya, na ndiyo ambayo mafundi hawaitaji kabisa.

3. Baridi haidhuru paneli. Paneli inataka mwanga. Ikipata joto kupita nyuzi 25 uwezo wake hupungua kidogo kwa kila nyuzi inayoongezeka. Jua la Agosti lenye upepo wa baridi ndilo zuri kwake. Linalobana ni mawingu ya mvua, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo ukubwa wa mtambo upimwe kwa Januari.

4. Zitazame kaskazini. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Fundi alitaka kuzipanga upande wa barabarani, "zionekane, bosi." Zikaenda nyuma ya nyumba, kwenye mteremko wa bati unaotazama kaskazini, ambapo mvua nayo inazisafisha vumbi.

5. Pasi ni ya mchana. Betri za asidi ukizishusha chini ya nusu kila usiku hazidumu. Za lithiamu huvumilia, ila bei yake ni kubwa. Kwetu sare za shule hupigwa pasi Jumapili kati ya saa sita na saa nane, jua likiwa kali, na betri haiguswi.

6. Waya wa ethi na kinga ya radi visipunguzwe kwenye bajeti. Radi za huku mnazijua.

Chukua risiti zako za LUKU za miezi sita, jumlisha uniti, gawa kwa sita. Ukiwa chini ya 75, nunua betri ndogo na taa za kuvukia giza, usikope mamilioni kwa jina la kuokoa. Ukizidi 200, anzia bafuni.