SOMO: CHUPA YA SODA NA AFYA YA MTOTO



Somo la leo si la mshahara, lakini linagusa mshahara. Linahusu soda tunazouza katika hoteli za Arua na Koboko, ambazo jioni tunawanunulia watoto wetu.

Tuanze na hesabu. Chukua chupa, usome maandishi madogo. Soda ya kola kwa kawaida ina sukari gramu 10 au 11 katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 basi ina gramu 32 hivi. Kijiko cha chai ni gramu 4. Kwa hiyo ni vijiko 8. Ni mama gani atatia vijiko 8 katika chai ya mtoto?

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600, asilimia 5 ni gramu 20, yaani vijiko 5. Chupa moja imekwisha kupita hapo.

Sukari hiyo huozesha meno. Ikizidi kila siku huleta unene, na baadaye ugonjwa wa kisukari. Tena mtoto aliyekunywa soda huacha posho na maharage, akakosa chakula cha kumjenga mwili.

Kwa nini basi mtoto anailia? Kwa sababu anafundishwa. Ukuta wa duka umepakwa rangi za kinywaji. Chipsi, kuku na soda vinauzwa pamoja kwa bei moja. Mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka serikali zipunguze matangazo kama haya kwa watoto. Mexico ilianza kutoza kodi vinywaji vya sukari mwaka 2014, na Afrika Kusini mwaka 2018.

Na sisi tunatumiwa. Katika hoteli moja niliyoitembelea, wahudumu waliamriwa kumwuliza kila mzazi, "Na soda ya mtoto?" Aliyeuza chupa chache aligombezwa. Mhudumu mmoja aliniambia wanawe nao wanadai soda kila akipokea mshahara, naye hana nguvu ya kukataa.

Hatusemi tuache kuuza. Kazi ni riziki yetu. Tunasema mfanyakazi asilazimishwe kumsukumia mtoto kinywaji, na maji safi ya kunywa yawekwe mezani bila malipo. Hayo tuyadai kwa pamoja, maana mmoja akidai peke yake atafukuzwa.

Maswali ya kujadili katika tawi:
1. Soda za wiki moja nyumbani kwako ni shilingi ngapi? Zingenunua mayai mangapi?
2. Shuleni kwa watoto wetu kuna maji ya kunywa?
3. Nani atalipeleka dai la maji kwa mwajiri, na lini?

Umoja ni nguvu.