Kabla Hujachomeka Kisanduku, Pima Esansi

Kisanduku kinachouzwa kama cha kupunguza matumizi ya umeme ni chepesi, kinaenea kiganjani, kina meno mawili ya kuchomeka na taa ya kijani. Muuzaji anasema kikikaa karibu na frigo, matumizi yatapungua kwa theluthi. Kisha analeta ushahidi: anabana mita ya koleo kwenye waya unaoleta umeme, inasoma ampea 1.2. Anachomeka kisanduku, inashuka hadi 0.75. Mama anayeuza maji baridi amejionea kwa macho yake, anafungua pochi.

Hapo ningependa kumshika mkono. Mita haikudanganya, ampea zimeshuka kweli. Lakini hatulipii ampea. Mota ya frigo, kama ya feni au pampu, huvuta mkondo wa namna mbili: mmoja unafanya kazi, mwingine unajenga usumaku ndani ya mota kisha unarudi ulikotoka bila kuliwa. Nilipofungua kisanduku kimoja nilikuta kapasita moja ndogo na vijisehemu vya kuwashia ile taa, basi. Kapasita huupatia usumaku mkondo wake papo hapo, usisafiri tena kwenye waya. Kazi ya frigo iko pale pale. Piga hesabu: volti 220 mara ampea 1.2, mota ikitumia kwa kazi sehemu 0.6 tu ya mkondo huo, ni wati 158. Baada ya kisanduku, 220 mara 0.75, sehemu ya kazi ikipanda hadi 0.96, ni wati 158 zile zile. Viwanda vikubwa hutozwa pia kwa mkondo ule wa kwenda na kurudi, kwa hiyo kwao kapasita hulipa. Mita ya nyumbani huhesabu kilowati-saa.

Kuna kifaa cha jamii nyingine, alichobuni mhandisi Frank Nola wa NASA na kupewa hataza mwaka 1977. Hicho hupunguza volti mota inapozunguka bila mzigo. Ni wazo la kweli, linafaa kwa msumeno wa karakana unaozunguka bure muda mrefu. Kompresa ya frigo, ikiwaka, ina mzigo, ikimaliza, inazimika. Cha kuokoa ni kidogo mno.

Sasa tuje sehemu kama Obokote, ambako frigo hutegemea jenereta au sola. Esansi hufuata wati, kwa hiyo kisanduku hakitakurefushia lita. Kwenye inveta ya sola ya bei rahisi kinaweza hata kuleta hasara: umeme wake hupanda na kushuka kwa ngazi, na kila ngazi kapasita inavuta mkondo kwa pigo. Kisanduku kinapata moto, inveta nayo inapata moto. Usikichomeke hapo kabisa.

Ukipewa bure, kijaribu kwenye jenereta. Toa esansi yote tangini, mimina lita 1 iliyopimwa kwa chupa ile ile, injini ikiwa imepoa. Washa frigo peke yake, mlango usifunguliwe, andika saa injini inapowaka na saa inapozimika. Rudia siku tatu bila kisanduku na siku tatu nacho, saa zile zile, kwa sababu joto la mchana hubadilisha kila kitu. Aliye mjini Kindu na mita yenye taa inayomweka ahesabu mimweko ya nusu saa, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa.

Pesa ya kisanduku ningeipeleka kwenye raba ya mlango. Bana noti ya franka 500 mlangoni, funga, vuta taratibu. Ikitoka kama kisu kwenye siagi, baridi inatoka hapo usiku na mchana. Zungusha noti pande zote nne, maana raba inaweza kuchakaa upande mmoja tu. Osha raba kwa maji ya vuguvugu na sabuni kwanza. Mara nyingine ni uchafu tu. Kisha sogeza frigo upana wa kiganja kutoka ukutani na ufute vumbi kwenye mabomba ya nyuma, umeme ukiwa umechomolewa.

Anayewasha jenereta jioni tu ajaze chupa za maji ndani ya frigo ya kugandisha, aache nafasi kidogo juu maana barafu hutanuka. Injini ikizimwa, barafu ile ndiyo inayolinda samaki hadi asubuhi, mradi watoto wasifungue mlango.