Somo: Tunaposingiziwa, Tusimame katika Kweli



Masomo: Mwanzo 39 na 40, Matendo 25:8-11, 1 Petro 3:14-17.

Kati ya mizigo anayobeba mkimbizi, kusingiziwa ni mzito sana. Nyumbani watu wanajua ukoo wako na tabia yako. Ugenini, neno moja linatosha: "Yule ni mchawi," "yule ni mpelelezi," "yule amekula pesa za kikundi." Majirani wanakukwepa, kibarua kinapotea, watoto wanachekwa. Je, Mkristo afanye nini?

1. Yusufu alisema kweli

Yusufu alikuwa mgeni Misri, bila ndugu wa kumtetea. Mke wa Potifa alimsingizia, naye akafungwa. Wengi wetu tunafundisha kwamba alinyamaza tu. Tusome vizuri Mwanzo 40:14-15. Alimwomba mnyweshaji wa Farao amtaje kwa mfalme, akamweleza wazi kwamba hakufanya kosa. Hakutukana wala kulipiza. Tena, akiwa gerezani, aliendelea kufanya kazi kwa uaminifu hata mkuu wa gereza akamwamini. Paulo naye alijitetea mbele ya Festo na kukata rufani kwa Kaisari. Basi kujitetea kwa kweli si kukosa imani.

2. Mchungaji Yona wa Nyamata

Tuna mfano hapa karibu. Kuanzia 1959, familia nyingi zilifukuzwa makwao na kupelekwa Nyamata, katika Bugesera, kusini mwa Kigali. Mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Kanisa la Anglikana aliwatumikia. Mnamo Desemba 1963 watu wenye silaha walivamia Bugesera kutoka Burundi. Baada ya hapo waliokimbilia Nyamata wakaanza kushukiwa, na mchungaji wao pia. Usiku mmoja wa Januari 1964, askari walimchukua na kumpeleka kwenye mto Nyabarongo. Hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote.

Alipoona mwisho umefika, aliomba nafasi ya kuandika katika kitabu chake. Aliandika kwamba wanakwenda mbinguni, akaacha hesabu ya pesa za kanisa zilizokuwa mikononi mwake. Kisha akaenda akiimba, akauawa. Mwenzake mmoja aliyeachwa hai ndiye aliyesimulia.

Wapendwa, tuitazame hesabu ile. Mtu anashukiwa kwa jambo kubwa, anakaribia kufa, naye anahakikisha pesa za washiriki hazipotei. Huo ndio uaminifu. Waliomshika waliweza kuchukua uhai wake, lakini hawakuweza kumgeuza kuwa mtu waliyemdhania.

3. Sisi tufanye nini?

- Tujichunguze kwanza mbele za Mungu. Petro anatuonya tusiteswe kwa sababu ya wizi au uovu (1 Petro 4:15). Kama kuna kosa, tutubu na kurudisha.
- Tuseme kweli kwa upole, mbele ya wanaohusika: wazee wa kanisa, mkuu wa mudugudu, kamati ya wakimbizi, au polisi ikibidi. Twende na shahidi.
- Tutunze hesabu na karatasi zetu. Anayeshika pesa za kikundi aandike kila faranga.
- Tusijibu uongo kwa uongo mwingine, wala tusiite kabila zima kuwa adui kwa sababu ya mtu mmoja.
- Tumwombee aliyetusingizia, kwa jina lake. Ni vigumu, tuanze hata kwa sentensi moja.

4. Onyo kwetu sote

Mara nyingine anayesingizia ni sisi. Kutoka 23:1 inakataza kueneza habari za uongo. Tukisikia, "Mama fulani ni mchawi," tuulize: nani aliona? Kama hakuna aliyeona, neno hilo lifie kwetu. Na mwenzetu akisingiziwa, tumtembelee mchana, watu wakiona. Yusufu alisahauliwa na mnyweshaji miaka miwili mizima. Tusiwe kama mnyweshaji yule.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Yusufu alijitetea namna gani bila kulipiza?
2. Kwa nini hesabu ya Mchungaji Yona ni ushuhuda?
3. Nani katika mtaa wetu amesingiziwa, nasi tumemkwepa? Tutamtembelea lini?

Tuombe: Bwana, wewe unaijua mioyo yetu. Utupe kinywa cha kweli, mikono safi na moyo usio na chuki. Amina.