Nukta ya Upeo: Istilahi ya Kiswahili katika Upimaji wa Umbali Pichani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili istilahi ya mahali ambapo mistari sambamba huonekana pichani kana kwamba inakutana. Tafsiri sisisi ya Kiingereza ni "nukta ya kutoweka". Hoja inayotetewa hapa ni kwamba "nukta ya upeo" inafaa zaidi, kwani humwongoza mwanafunzi kwenye hesabu yenyewe.

2.0 Mfano wa Reli ya Kati

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam na kufika Kigoma mwaka 1914, hupita Dodoma. Ichukuliwe picha ya sehemu yake iliyonyooka na tambarare, kamera ikielekea njia inakokwenda. Kando ya reli, katika mstari ulio sambamba nayo, zimesimama nguzo A, B na C. Pichani, vitako vyake viko milimita 120, 60 na 40 kutoka nukta ya upeo. Kwa hiyo AB ni milimita 60 na BC ni milimita 20. Anayetumia uwiano wa kawaida atahitimisha kuwa BC ni theluthi ya AB, naye atakosea. Umbali halisi kutoka kwenye kamera hubadilika kinyume na umbali wa pichani kutoka nukta ya upeo: 1/120, 1/60, 1/40, yaani 1:2:3. Basi AB na BC ni sawa. AB ikiwa mita 50, BC pia ni mita 50.

Kwa vipimo vya kukingama njia, reli zenyewe ni rula, kwa kuwa nafasi kati yake ni mita 1. Reli ya kisasa (SGR), iliyoanza kusafirisha abiria hadi Dodoma mwaka 2024, ina milimita 1,435. Anayeidhania kuwa ya mita 1 atapunguza kila kipimo kwa takriban asilimia 30.

3.0 Uteuzi wa Istilahi

Neno "kutoweka" hudokeza kitu kilichopotea, ilhali nukta hiyo ndiyo chanzo cha vipimo vyote. "Upeo wa macho" tayari ni msamiati wa kawaida, na nukta za mistari yote sambamba ya ardhi tambarare hukaa juu ya upeo huo. Vilima vikiuficha, reli hurefushwa kwa rula hadi zikutane. Ni kweli kwamba "upeo" hutumika pia katika uhakiki wa fasihi, lakini muktadha hutenganisha maana hizo.

4.0 Hitimisho

Istilahi bora haitaji dhana tu, bali pia huonyesha mahali pa kuanzia kupima.