Umeme Unaoliwa Usiku

Watoto, wazee wetu walisema, Bandu bandu huisha gogo. Mwenye shoka hubandua kibanzi kimoja kimoja, na mwisho gogo halipo. Umeme wa nyumbani nao huweza kuisha vivyo hivyo.

Palikuwa na mama mmoja aliyenunua umeme wa LUKU kila alipopata fedha. Usiku mmoja taa zilizimika ghafula, naye mwanawe alikuwa akijifunza kwa ajili ya mtihani wa kesho yake. Mama akasema, "Mwanangu, umeme huu nani anaula? Televisheni tuliizima mapema, wala pasi hatukuitumia." Kijana akakumbuka kijitaa chekundu kilichokuwa kikiwaka katika king'amuzi kila usiku. Kumbe king'amuzi kilizimwa kwa rimoti tu! Hakikuwa mlaji wa pekee, lakini kilikuwa mlaji asiyealikwa.

Jueni ya kuwa rimoti haikati umeme. Chombo kilichozimwa kwa rimoti hufanana na bawabu aliyefumba macho huku masikio yake yakisikiliza. Hungoja amri ya kuwashwa, na katika kungoja huko hula umeme.

Haya, tufanye hesabu. Tuseme king'amuzi cha zamani hula wati 10 kikingoja, nacho hungoja saa 20 kila siku. Wati 10 mara saa 20 ni 200. Uniti 1 ni wati 1,000 kwa saa 1. Basi kila siku 5 uniti 1 huliwa, na kwa siku 30 huliwa uniti 6. Uniti hizo 6 zingewasha taa ya wati 10 kwa saa 600. Yaani kijana yule angesoma saa 2 kila usiku, kwa muda wa siku 300!

Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilitoa shauri kwamba chombo kinachongoja kisile zaidi ya wati 1. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukatunga sheria juu ya jambo hilo, na tangu 2013 vyombo vingi vya nyumbani vinavyouzwa huko havina ruhusa kupita nusu wati vikiwa vinangoja. Kwa hiyo vyombo si sawa. Chaja mpya isiyochomekwa simu hula kidogo mno, bali king'amuzi au redio kubwa ya zamani yaweza kula sana.

Basi, kabla ya kulala, ombeni ruhusa kwa wazazi, kisha zimeni swichi ya ukutani kwa mikono mikavu. Lakini friji msiizime, maana hiyo haingoji bure, inahifadhi chakula.

MASWALI

1. Kwa nini rimoti haizimi chombo kabisa?
2. Chombo cha wati 5 kikingoja saa 20 kila siku, kitakula uniti ngapi kwa siku 30?
3. Uliza nyumbani bei ya uniti 1, kisha utafute gharama ya uniti hizo.