Mafuta Yanayovuja Katika Ekseli ya Nyuma ya Lori

Likizo iliyopita nilikaa Ntinda, Kampala, kwa mjomba wangu ambaye ni fundi wa malori. Nilipewa ovaroli na ndoo ya mafuta ya taa nikaambiwa nioshe vyuma. Katika wiki ya pili nilipata somo ambalo napenda kuwagawia, kwa maana nililipata kwa kukosea.

Lililetwa lori moja linalopeleka mizigo Malaba, mpakani mwa Kenya. Dereva, mtu mzima, akasema, "Fundi, nikikanyaga breki gari linanivuta kulia." Mjomba akainama kutazama gurudumu la nyuma la kushoto. Upande wake wa ndani ulikuwa mweusi kwa mafuta.

Kwanza tujue mafuta hayo hukaa wapi. Katikati ya ekseli ya nyuma mna difu, yaani meno makubwa yanayopokea nguvu za injini na kuzigawa kwa magurudumu ya pande mbili. Humo mna mafuta mazito ya giya. Katika malori mengi mafuta hayo hupita ndani ya ekseli mpaka kwenye habu, yakalainisha beringi. Sili, ambayo ni pete ya chuma yenye mdomo wa mpira, huyazuia yasiingie katika breki.

Ukiona mafuta nje, usikimbilie spana. Futa pawe safi, kisha tazama yanatoka wapi. Yakitoka mbele ya difu, penye shafti ndefu ya kutoka giaboksi, sili ya mbele imechoka. Yakitoka katikati ya gurudumu kwa nje, ni gasketi ya shafti ya pembeni. Yakitoka nyuma ya gurudumu, ni sili ya habu; na hilo ndilo baya kupita yote, kwa sababu lainingi iliyolowa mafuta haishiki. Ndiyo maana lori lile lilivutwa kulia: breki ya kushoto ilikuwa haifanyi kazi yake.

Kazi yenyewe huenda hivi. Weka lori mahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa magogo, inua ekseli kwa jeki, kisha ikalishe juu ya stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Toa shafti, ukikinga mafuta kwa beseni. Halafu toa magurudumu, nati za beringi, na habu. Vumbi la breki usilipulize, maana hudhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji. Ng'oa sili kuukuu, ukague beringi na mahali sili inapokalia. Pakiwa pamechimbika, hata sili mpya itavuja. Igonge sili mpya taratibu, iingie sawasawa pande zote. Kaza nati kwa vipimo vya kitabu cha gari, kwani beringi ikilegea habu huyumba na sili huharibika. Lainingi zilizolowa usizioshe kwa petroli ukazirudisha. Badili za pande zote mbili, ili breki zishike sawa. Mwisho jaza mafuta mpaka yafike ukingo wa chini wa tundu la kujazia, wala yasizidi.

Hayo yote tuliyafanya. Likabaki jambo moja. Juu ya ekseli pana kitundu chenye kifuniko kidogo, nacho huitwa kipumulio. Mjomba aliniagiza nikisafishe. Kilikuwa kimefunikwa na tope, jioni imefika, nami nilikuwa na njaa. Nikasema, "Mjomba, kazi imekwisha."

Siku ya tatu lori likarudi, likiendeshwa polepole. Sili mpya ilikuwa inavuja, na lainingi mpya zimelowa. Mjomba akapitisha kidole juu ya ekseli, akanionyesha tope. Hakunigombeza. Alitoa fedha zake mwenyewe akanunua lainingi nyingine, na dereva akapoteza safari. Nilimtazama mzee yule nikafikiri juu ya mteremko, mzigo mzito, na breki ya upande mmoja.

Wenzangu wa fizikia, sababu mnaijua. Lori likienda, difu hupata moto na hewa iliyomo hutaka kutanuka. Kipumulio kikiziba, haina pa kutokea. Tuseme joto limepanda kutoka digrii 27 hadi 87. Tukiongeza 273 kama tunavyofundishwa, 27 huwa 300, na 87 huwa 360. Basi msukumo wa hewa iliyofungwa umeongezeka kwa moja ya tano. Sili haikutengenezwa kushindana na msukumo huo, nayo huachia mafuta yapite. Kanuni hii nilikuwa nimeiandika katika mtihani nikapata alama zote, lakini sikuitambua ilipokuwa mbele yangu imejaa tope.

Safari ya pili nilikifungua kipumulio, nikakiosha, nikakipuliza mpaka hewa ikapita. Mpaka nilipoondoka Ntinda, lori lile lilikuwa halijarudi kwa kuvuja.

Nanyi wanafunzi wa zamani mlio na malori, fundi akiwaambia kwamba amebadili sili, mwulizeni kama amefungua kipumulio. Na wewe mwenzangu utakayeshika spana likizo ijayo, kazi ikiwa bado, sema bado.